Upanga Uliteka, Daftari Likatawala

Mturuki akisema "defter", Mswahili husikia "daftari", wala hajakosea: neno ni lilelile. Halil İnalcık, mwanahistoria aliyezaliwa Istanbul mwaka 1916 na kufariki Ankara mwaka 2016, alitumia sehemu kubwa ya umri wake kusoma madaftari ya Dola ya Uthmaniya, na kazi yake yaonyesha kwamba dola iliyoogopwa kwa upanga ilidumu kwa kalamu. Kuyasoma hakukuwa mchezo. Mwaka 1928, yeye akiwa mtoto wa miaka 12 hivi, Uturuki iliacha herufi za Kiarabu ikachukua za Kilatini, na nyaraka za mababu zikawa fumbo kwa waliofuata. Hata azijuaye herufi hizo hukwama mbele ya siyakati, hati ya makarani wa hazina, iliyosongamana na aghalabu haina nukta, hata be, te na nuni zikafanana.

Mwaka 1954 alichapisha daftari la sanjaki (yaani jimbo la kiutawala) ya Arvanid, katika Albania ya leo, lililoandikwa mwaka 835 wa Hijria (1431–32). Ukilitazama juu juu ni orodha kavu: kijiji, idadi ya kaya, kodi, na jina la askari wa farasi aliyegawiwa mapato hayo, mgawo ulioitwa timar. Lakini baadhi ya askari hao ni Wakristo waliobaki na dini yao. Kwa ushahidi wa namna hiyo İnalcık alijenga hoja kwamba Wauthmaniya hawakuing'oa jamii waliyoiteka kwa siku moja. Waliwaingiza wakubwa wa zamani katika utumishi wao, kisha hatua kwa hatua wakaihesabu nchi, kijiji kwa kijiji, mpaka ikawa mikononi mwao kabisa.

Wapo wanaomkosoa wakisema kwamba daftari ni jicho la mtoza kodi tu: asiyetozwa haonekani, na mwanamke huandikwa zaidi akiwa mjane mwenye kaya. Tena kitabu chake cha mwaka 1973 kiliitukuza miaka ya 1300 hadi 1600, na watafiti wa baadaye wamekataa kwamba kilichofuata kilikuwa kuporomoka tu. Pingamizi hizo zina uzito. Ila İnalcık hakuishia kwa mtoza kodi. Alifukua pia majalada ya kadhi wa Bursa, mji wa hariri. Humo mtumwa mfumaji anaandikiana na bwana wake: akimaliza kufuma idadi fulani ya vitambaa, yu huru. Mtu huyo hamo katika hesabu ya kijiji, lakini yumo mbele ya kadhi. Kwa hiyo dawa ya upungufu wa daftari moja ni kufungua jingine, na ndiyo kazi aliyowafundisha wanafunzi wake Ankara, kisha Chicago kuanzia mwaka 1972, na hatimaye Chuo Kikuu cha Bilkent. Anayetaka kumsahihisha İnalcık naye hana budi kujifunza siyakati.