Pedeli Kavu Huchelewesha Maziwa

Ndugu mkulima, je, baiskeli yako hulia kila ukanyagapo pedeli? Usiizoee sauti hiyo. Tangu mpango wa Eka Milioni Moja ulipoanza mwaka wa 1962, baiskeli imebeba maziwa, mbegu na mbolea katika mashamba mengi ya makazi. Pedeli ikikwama njiani asubuhi, maziwa hukawia juani, na maziwa yaliyochacha hayapokelewi. Hapo jasho lako na la ng'ombe wako limepotea bure.

Ndani ya pedeli mna gololi ndogo za chuma zinazozunguka katika grisi. Vumbi na maji ya matope yakiingia, grisi huisha, na chuma husaga chuma. Kazi ya kuzuia hasara hiyo ni ya saa moja tu.

Kwanza, simamisha baiskeli juu ya magurudumu yake, uiegemeze vizuri. Sasa angalia sana, maana hapa ndipo wengi huharibu. Pedeli ya kulia hufunguliwa kama nati ya kawaida, lakini ya kushoto imekatwa meno ya kinyume, ili isilegee unapoendesha. Ukiilazimisha, utakwangua meno ya mkono wa pedeli, nawe utanunua mkono mwingine. Kumbuka hivi: simamisha spana wima juu ya pedeli, kisha ivute kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili hufunguka hivyo. Kukaza, sukuma mbele.

Pili, tandika kitambaa cheupe, ufungulie pedeli juu yake. Ondoa kifuniko cha mwisho, nati, washa na koni. Gololi zitatoka upande wa nje na upande wa ndani; zihesabu kila upande na uandike. Pedeli nyingine zimepigwa ribiti, hazifunguki. Hizo zitie matone ya mafuta ya mashine katika ncha zote mbili.

Tatu, osha kila kitu kwa mafuta ya taa, mbali na jiko na mbali na debe la maziwa, kisha kausha kabisa. Gololi yenye mashimo au iliyopasuka haifai. Badilisha zote za upande ule kwa pamoja, za ukubwa ule ule.

Nne, paka grisi ya kutosha kitandani mwa gololi, uzipange ndani yake. Grisi itazishika zisianguke. Usitumie samli wala mafuta ya kupikia, maana huganda na kukusanya vumbi. Rudisha mti wa pedeli na koni. Kaza koni kwa vidole mpaka igote, kisha irudishe nyuma kidogo sana, halafu funga nati ya kukazia. Pedeli njema huzunguka kwa urahisi, wala haichezi ukiitikisa. Ikiwa nzito, koni imebana mno; ikicheza, imelegea.

Mwisho, paka grisi kwenye meno kabla ya kurudisha pedeli, ili kutu isiishike. Anza kukaza kwa mkono. Ikikataa, usilazimishe, tazama kama hukubadilisha ya kulia na ya kushoto.

Fanya kazi hii mvua zikiisha, na tena kila unaposikia mlio. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.