Gesi Haiishi, Huvuja: Ufafanuzi wa Kasoro za Kiyoyozi cha Gari Katika Mazingira ya Garissa

Utangulizi

Safari ya kutoka Nairobi hadi Garissa ni ya kilomita 370 hivi. Huanzia kwenye mwinuko unaozidi mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kukamilika kando ya Mto Tana, penye mwinuko wa mita 150 tu. Kiyoyozi kilichopoza vyema alfajiri huweza kupuliza hewa vuguvugu kabla ya adhuhuri. Dereva afikapo gereji, kauli anayopokea mara nyingi ni moja: "Gesi imeisha." Gesi huongezwa, dereva hulipa, na baada ya wiki chache kasoro hurejea.

Makala haya yanadhamiria kubainisha kuwa kauli hiyo ina dosari ya kimaana inayozaa dosari ya kiufundi. Petroli huisha kwa sababu huchomwa. Gesi ya kiyoyozi haichomwi. Huzunguka katika mfumo uliofungwa, na kiasi kipenyacho kwenye mipira kwa wiki chache ni kidogo mno. Ikipungua kwa wiki chache, imevuja. Na ikiwa haijapungua, kuiongeza ni kuharibu.

Utendakazi wa kiyoyozi

Msingi wa kiyoyozi ni ule ule wa mtungi wa maji. Maji yapenyayo kwenye ukuta wa mtungi hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto la maji yaliyosalia ndani. Katika gari, kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini huisukuma gesi kwa shinikizo kubwa hadi kwenye kondensa, iliyo mbele ya rejeta. Humo gesi hutoa joto lake nje na kuwa kimiminika. Kimiminika hicho hupita kwenye chujio linalonyonya unyevu, kisha kwenye tundu jembamba la vali ya upanuzi, na kuingia katika kivukizi kilicho nyuma ya dashibodi. Shinikizo linaposhuka ghafla, kimiminika huchemka, hufyonza joto la hewa ya ndani ya gari, na kurudi kwenye kompresa kikiwa mvuke.

Ni dhahiri basi kuwa kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Hapa ndipo mazingira ya Garissa yanapoingia. Kondensa hulazimika kutupa joto katika hewa ambayo yenyewe, katika miezi kama Februari na Machi, hupita nyuzi 35 za selsiasi. Kondensa iliyozibwa nusu na vumbi huweza kumudu kazi Nairobi; Garissa hufichua udhaifu wake.

Utambuzi wa kasoro

Fundi makini huanza kwa macho na mikono. Je, fyuzi ni nzima? Je, klachi ya kompresa inashika? Je, feni ya kondensa inazunguka? Upepo ukiwa baridi lakini hafifu, chujio la hewa ya ndani ndilo la kutazamwa kwanza.

Hatua ya pili ni geji mbili, ya shinikizo la chini na ya shinikizo la juu. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, geji zote husoma sawa. Kwa gesi ya R-134a, katika joto la nyuzi 35, kipimo huzidi kidogo psi 110. Kikiwa chini sana ya hapo, gesi imevuja. Hata hivyo, kipimo sahihi hakithibitishi kuwa gesi inatosha, kwani kimiminika kidogo hutoa shinikizo sawa na kimiminika kingi.

Injini ikiwashwa, geji huanza kutofautiana. Zote zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu mno, kondensa imezibwa, feni haifanyi kazi, au gesi imezidi. Ya chini ikiwa juu na ya juu ikiwa chini, kompresa imechoka. Ya chini ikizama hadi karibu na sufuri, huenda vali ya upanuzi imeziba au unyevu umeganda humo. Kati ya hali hizi nne, ni moja tu inayotokana na upungufu wa gesi.

Ukarabati

Mvujo hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio. Vumbi lenyewe husaidia: gesi hutoka pamoja na mafuta ya kompresa, na vumbi hunata palipo na mafuta. Baada ya kubadilisha mpira au bomba lililotoboka, pamoja na chujio la unyevu, hewa yote hunyonywa kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, kisha mfumo huachwa kuona kama utashikilia. Ndipo gesi hujazwa kwa kupimwa kwenye mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gesi ya kupikia haifai kutiwa humo, kwani hulipuka.

Hitimisho

Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliiondoa gesi ya R-12 iliyoharibu tabaka la ozoni. R-134a iliyoirithi haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya kaboni dioksidi. Ndiyo sababu makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yakaamua gesi za aina hiyo zipunguzwe. Kila kujaza bila kuziba ni kuimwaga angani.

Katika Garissa, ambako Kisomali ndiyo lugha ya kwanza ya wengi, Kiswahili mara nyingi ndicho kinachowakutanisha fundi na msafiri mgeni. Lugha hii ina vitenzi vya kutosha: kuisha, kupungua, kuvuja, kuziba, kuzidi. Msafiri anayeuliza, "Imevujia wapi?" badala ya kukubali kuwa imeisha, amekwisha kuokoa nusu ya gharama yake.