Mikono Laini, Ngumi Zilizokazwa

Februari mwaka 1653, jijini Paris, mvulana wa miaka 14 alipanda jukwaani akiwa amevaa dhahabu tupu, kuanzia taji lenye miale hadi viatuni. Alicheza nafasi ya jua linalochomoza. Onyesho lenyewe lilianza jioni likakesha hadi alfajiri, na watu wakubwa wa nchi walikaa wakimtazama bila kuthubutu kupiga miayo, kwa sababu mchezaji alikuwa Louis XIV, mfalme wa Ufaransa. Mpaka leo anaitwa Mfalme Jua. Mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi, na mwalimu wake, Pierre Beauchamp, ndiye anayetajwa kuwa alipanga mikao mitano ya miguu ambayo mtoto wa baleti hufundishwa hadi sasa, awe Moscow, Havana au Nairobi. Amri za darasani nazo zimebaki za Kifaransa: plié, tendu, relevé.

Haya, vukeni bahari pamoja nami, mvuke na karne mbili na ushei. Ni Novemba 1898, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Timu yao ya mpira wa Kimarekani imekuwa ikifungwa, na mashabiki wamenywea. Mwanafunzi mmoja, Johnny Campbell, anatoka kwenye umati, anasimama mbele ya watazamaji na kuwaongoza wapige kelele kwa pamoja, kwa mpigo mmoja. Ushangiliaji wa kupangwa, ule wa vikosi vyenye sare na mashada ya nyuzi za rangi mikononi, huhesabiwa kuanzia hapo.

Nimeanza na wavulana wawili kwa makusudi, vijana wangu, maana najua kuna mvulana anasoma haya huku anataka kufungua ukurasa mwingine. Kwa zaidi ya miaka 20 ushangiliaji ulikuwa kazi ya wanaume. Wasichana wa Minnesota waliingia mwaka 1923, na ni miaka ya 1940, wanaume walipokwenda vitani, ndipo wasichana walipojaza nafasi na kubaki nazo. George W. Bush, kabla ya kuwa rais, alikuwa kiongozi wa washangiliaji shuleni kwake. Na kwa upande wa baleti, Joel Kioko wa Nairobi alianza kujifunza katika mitaa ya mabanda ya jiji hilo, akafika mpaka shule ya English National Ballet, London. Basi tusiulizane tena ni mambo ya nani.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Huko Marekani, msichana anayefika miaka 13 au 14 na anapenda kucheza hujikuta njia panda. Amesoma baleti tangu mdogo, mara mbili kwa wiki, na sasa mwalimu anataka aje siku tano. Wakati huohuo sekondari inatangaza majaribio ya kikosi cha washangiliaji, na marafiki zake wote wanakwenda. Mama anasema afanye vyote viwili. Ni ushauri wa upendo, lakini mama hajaangalia kalenda.

Mpira wa Kimarekani huchezwa kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba, na mechi za sekondari ni Ijumaa usiku. Texas kwa mfano, mji mzima huweza kufunga maduka na kwenda uwanjani. Mshangiliaji hawezi kukosa. Sasa angalieni upande wa pili. Shule nyingi za baleti huandaa The Nutcracker mwezi Desemba. Baleti hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Urusi, mjini St. Petersburg, mwaka 1892, lakini Wamarekani ndio walioifanya desturi ya Krismasi, hasa baada ya George Balanchine kuipandisha jukwaani New York mwaka 1954. Makundi mengi hutegemea tiketi zake ili yaishi mwaka mzima. Mazoezi yake huanza Septemba na kula wikiendi zote. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi binti anaamka sauti imemkauka kwa kelele za jana, miguu imevimba, na saa tatu anatakiwa awe theluji nyepesi inayodondoka. Miaka ya chini huwezekana. Akifika miaka 15, mwalimu mmoja atamwambia achague.

Hata kama kalenda ingekubali, kuna ugomvi mwingine, na huu ndio unaonivutia zaidi. Ni ugomvi wa mikono.

Katika baleti mkono hauna kona. Kiwiko huinuliwa kidogo, kiganja hulegea, vidole huachana kwa upole, na mkono ukipanda juu hupita mbele ya uso bila kuonyesha ulipoanzia wala utakapoishia. Mwalimu huweza kutumia dakika kumi akirekebisha kidole gumba cha mtoto mmoja. Katika ushangiliaji ni kinyume kabisa. Ngumi hukazwa, gumba likiwa nje, mkono hunyooka kama rula na kufika mahali pake kwa kishindo, kisha unaganda. Mikono miwili ikipanda kutengeneza herufi V, haipitii njia ya kupendeza, inapiga. Aliye safu ya mwisho uwanjani, mita 80 kutoka hapo, lazima aone. Binti anayefanya vyote viwili hujikuta akipiga ngumi katikati ya muziki wa The Nutcracker, na Jumatatu kocha wa kikosi humkemea kwa mikono iliyolegea. Miguu nayo hivyohivyo: baleti hugeuza vidole vitazame nje kuanzia nyongani, ushangiliaji hutaka nyayo zielekee mbele.

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya nani unamtegemea.

Angalieni washangiliaji wanavyomrusha mtu. Wasichana wawili husimama wakitazamana, magoti yamekunjwa, viganja tayari. Wa tatu yuko nyuma. Yule mwepesi, arukaye, huweka mikono kwenye mabega ya wale wawili na kujitupa juu. Wanadaka nyayo zake, wa nyuma anashika vifundo vya miguu, mmoja anahesabu kwa sauti, na kwa hesabu ya pamoja wanamsukuma mpaka juu ya vichwa vyao. Huko juu anatakiwa akaze mwili mzima, asitazame chini, na atabasamu. Akiyumba, sheria ya walio chini ni moja: hakuna kurudi nyuma. Unaingia chini yake, hata kama kiwiko chake kitakutoa damu puani. Watu wanaodharau ushangiliaji kwamba ni kurukaruka na kutabasamu hawajawahi kubeba kilo 50 za mtu aliye hai anayetetemeka.

Darasa la baleti lina upweke wake. Unashika ufito wa mbao ukutani, kioo kiko mbele yako, na unaanza kwa kukunja magoti. Kila siku. Anayelipwa mshahara New York na mtoto wa miaka tisa huanza kwa zoezi hilohilo, kisha kunyoosha mguu, kisha kuuzungusha. Hakuna anayepiga makofi. Ukipepesuka, hakuna wa kukudaka; unarudia. Viatu vile vya satini vya kusimamia ncha za vidole, ambavyo wengi hudhani vina chuma ndani, mbele huwa ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Mchezaji hushona riboni zake mwenyewe, huvipigapiga viatu sakafuni vipunguze kelele, na gwiji huweza kuvimaliza katika onyesho moja. Kwa muda mrefu rangi iliyouzwa ilikuwa ya waridi tu, kana kwamba ngozi zote ni hiyo. Kundi la Dance Theatre of Harlem, lililoanzishwa mwaka 1969, ndilo lililozoeza wachezaji wake kuvipaka rangi vifanane na miguu yao.

Hapa lazima niwasimulie habari za Misty Copeland. Mama yake aliwahi kuwa mshangiliaji wa timu ya Kansas City Chiefs. Misty mwenyewe, akiwa shule ya kati huko San Pedro, California, hakuwa na baleti hata chembe. Alikuwa nahodha wa kikosi cha gwaride la densi, ndugu wa karibu wa ushangiliaji, chenye mikono ileile ya kukata hewa. Mwalimu wa kikosi ndiye aliyeona kitu na kumpeleka kwenye darasa la bure la baleti katika klabu ya watoto, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Alikuwa na miaka 13, umri ambao wengi huambiwa umepita. Nyumbani kulikuwa na watoto sita, na kwa muda familia iliishi kwenye chumba cha moteli. Baada ya kama miezi mitatu tu alikuwa amesimama kwenye ncha za vidole, jambo ambalo kwa kawaida huchukua miaka. Mwaka 2012 mfupa wa muundi ulimpasuka kwa uchovu wa kazi, akafanyiwa upasuaji, akarudi. Juni 2015 American Ballet Theatre ikampandisha kuwa mchezaji mkuu, mwanamke wa kwanza Mwafrika-Mmarekani kufika hapo katika kundi hilo.

Msije mkaisoma habari hiyo kama ushindi wa baleti dhidi ya ushangiliaji. Mimi naisoma hivi: kule kwenye kikosi alijifunza kushika mpangilio, kuhesabu na kusimama mbele ya watu bila kukimbia. Alipoingia darasani hakuwa mtupu. Na mwalimu aliyemfungulia mlango alikuwa wa upande wa pili.

Kuhusu kuumia sitawaficha. Baleti humchosha mtu polepole: kifundo, muundi, nyonga, na kwa baadhi, chakula, kwa sababu kutwa nzima unatazama mwili wako kwenye kioo. Ushangiliaji humwangusha mtu ghafla. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko kuhusu majeraha yake, yakiwamo mtikisiko wa ubongo, na kutaka utambuliwe rasmi kuwa mchezo ili vikosi vipate makocha waliosomea, mikeka na madaktari kama timu nyingine. Sheria za sekondari nazo haziruhusu piramidi izidi urefu wa watu wawili. Mwaka 2021 kamati ya Olimpiki ya kimataifa ililitambua kikamilifu shirikisho la ushangiliaji la dunia, ingawa kutambuliwa si sawa na kuingizwa kwenye michezo yenyewe.

Kuna na suala la umri, na hapo ndipo ninapoegemea upande mmoja kidogo. Mchezaji wa baleti huanza kuajiriwa akiwa na miaka 17 hadi 19, kwa hiyo anayetaka kazi hiyo hana nafasi ya kuiweka kando miaka minne halafu airudie. Kikosi cha shule humsubiri mtu. Unaweza kujiunga hata ukiwa na miaka 16, na vyuo vikuu vina vikosi vyake. Kama moyoni unajua unataka jukwaa liwe maisha yako, baki kwenye ufito. Lakini kama unachopenda ni wenzako, basi la timu, wimbo ndani ya basi na ile hesabu ya pamoja kabla ya kumrusha mtu, nenda kikosini bila kuomba radhi. Wengi wako kundi hili la pili na wanaona aibu kulisema mbele ya mwalimu wao wa baleti. Semeni. Atasikitika wiki moja.

Msichague kwa kuangalia onyesho la Desemba wala mechi ya Ijumaa, maana siku hizo kila upande hupendeza. Ombeni ruhusa mkakae pembeni kwenye mazoezi ya siku ya kawaida, Jumanne jioni, mtazame saa nzima. Darasani sikilizeni mwalimu anavyozungumza na mtoto aliyekosea mara ya tano, na mwulizeni ana maoni gani kuhusu chakula. Kikosini mwulizeni kocha kama amesomea usalama, kama kuna mikeka, na ni nani hasa atakayekuwa chini yako. Majaribio ya vikosi vingi vya shule hufanyika Aprili na Mei, kwa hiyo wakati wa kwenda kutazama ni Februari na Machi, kabla fomu hazijatoka.