Figo Ikiumia, Moyo Hulipa

Ami yangu aliingia Nairobi alfajiri moja kwa basi la usiku kutoka Mombasa, baada ya kutwa nzima ya safari kutoka Lamu. Nilimpokea mjini nikamwamkia, naye kabla hajamaliza kuniitikia alishika nguzo ya stendi akatweta kama mtu aliyekimbia.

"Mwanangu, moyo wangu umechoka," aliniambia.

Nyumbani kwangu Kawangware hakuweza kulala chali. Alilala ameegemea mito mitatu, na miguu ilikuwa imevimba hata makubadhi hayamwingii. Kesho yake nilimpeleka kliniki moja katikati ya jiji. Wakampima moyo kwa mashine, wakampa vidonge, tukalipa, tukarudi. Hakuna aliyemuuliza habari ya mkojo. Wiki mbili baadaye alikuwa hoi zaidi.

Safari hii tulikwenda hospitali nyingine, huku kwetu upande wa magharibi wa jiji. Daktari kijana alibonyeza miguu ya ami kwa kidole, shimo likabaki. Akaagiza damu ipimwe kreatinini na mkojo upimwe protini. Majibu yalipotoka alivuta kiti akaketi karibu naye. "Mzee, ni kweli moyo wako unaumwa. Lakini kilichoumia kwanza ni figo."

Ndugu msomaji, naandika haya kwa sababu wengi wetu Pwani tunajua kwamba presha huua figo. Wachache wanajua kwamba figo nazo huumiza moyo, na kwamba wagonjwa wengi wa figo hufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kabla figo zenyewe hazijakoma kabisa.

Jambo la zamani

Mwaka 1836, daktari Robert Bright wa hospitali ya Guy's jijini London aliandika kwamba watu waliokufa kwa maradhi ya figo walikutwa na mioyo iliyokua na kuwa minene. Mwaka 2008, kundi la wataalamu likiongozwa na daktari wa Italia, Claudio Ronco, liliyapanga maradhi haya ya moyo na figo katika mafungu matano. Mawili kati yake huanzia kwenye figo: moja ni pale figo inapoumia ghafla, kama vile kwa kuharisha sana, malaria kali au kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, la pili ni pale inapokufa polepole kwa miaka.

Ukitazama kazi ya figo hutashangaa. Figo zote mbili zina uzito wa gramu 300 hivi, lakini kiasi cha sehemu moja kati ya tano ya damu inayosukumwa na moyo hupita kwake. Kwa siku huchuja maji yapatayo lita 180, halafu huyarudisha karibu yote mwilini na kutoa mkojo wa lita moja au mbili. Mchujo huo ukiharibika, maji na chumvi hubaki. Damu hujaa kwenye mishipa, presha hupanda, na moyo husukuma mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Hiyo ndiyo sababu iliyo wazi. Lakini iko nyingine ya ndani zaidi.

Kutu ndani ya mwili

Wataalamu huiita msongo wa oksidishaji. Mimi niliielewa daktari alipomuuliza ami, ambaye amefanya kazi ya majahazi tangu ujanani, "Mzee, msumari wa chuma ukikaa baharini huwaje?" Ami akajibu, "Hula kutu." Daktari akasema, "Basi ndivyo unavyofanyika moyo wako."

Oksijeni tunayovuta ndiyo inayotupa nguvu. Ndani ya karibu kila seli mna vijinu vidogo viitwavyo mitokondria, vinavyotumia oksijeni kutengeneza nguvu hizo. Katika kazi hiyo, oksijeni kidogo huponyoka ikiwa chokozi, na hushambulia chochote iliyo karibu nacho: mafuta ya kuta za seli, protini, hata vinasaba. Mwili wenye afya una vimeng'enya vya kuituliza. Msongo huja pale uchokozi unapozidi utulizaji.

Figo iliyoumia huongeza uchokozi huo kwa njia zaidi ya moja. Kwanza, huachia homoni iitwayo renini, ambayo husababisha nyingine iitwayo anjiotensini. Hii hubana mishipa ya damu, na zaidi ya hapo huamsha kimeng'enya ndani ya kuta za mishipa na seli za moyo, kikaanza kumwaga oksijeni chokozi aina ya superoksidi. Superoksidi hiyo huila oksidi ya nitriki, ambayo kazi yake ni kuilegeza mishipa. Mishipa huwa migumu, presha huzidi.

Pili, taka ambazo zingetoka na mkojo hubaki katika damu. Moja huitwa indoksili salfati, ambayo asili yake ni protini tunayokula baada ya kuvunjwavunjwa na bakteria wa utumbo. Figo nzima huitoa. Figo mbovu huiacha irundikane, nayo huchochea kutu ileile kwenye moyo na mishipa.

Moyo ndio unaoumia zaidi kwa sababu haupumziki. Hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku, kwa hiyo seli zake zimejaa mitokondria. Mitokondria zikiharibika, nguvu hupungua na uchokozi huongezeka. Seli hufa, na mahali pake huota kovu. Kovu halisukumi damu. Moyo hukakamaa, maji hujaa mapafuni, na mtu hutafuta mito mitatu ili alale.

Chupa ya mjini na dafu la nyumbani

Hapa naungama kosa langu. Niliposikia habari ya kutu, nilikwenda mtaa mmoja wa chini mjini nikanunua unga katika chupa ulioandikwa kwamba unasafisha figo na kuondoa sumu. Nao ndugu zetu wa Lamu walikuwa wakimwambia ami kwa simu anywe madafu kwa wingi, yamwoshe figo.

Daktari alikataa vyote viwili. Maji ya dafu ni mazuri kwa mtu mzima wa afya, lakini yana potasiamu nyingi. Figo iliyochoka haiwezi kuitoa, na potasiamu ikizidi katika damu, mapigo ya moyo huvurugika na moyo unaweza kusimama ghafla. Ama ule unga, hatukujua una nini ndani yake, na figo ndiyo ingebebeshwa mzigo wa kuutoa.

Nilimuuliza: ikiwa tatizo ni kutu, kwa nini tusinywe dawa ya kuondoa kutu? Alisema jambo hilo limeshajaribiwa. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2000, vitamini E haikuwapunguzia mshtuko wa moyo watu waliokuwa katika hatari. Mwaka 2012, jaribio la dawa iitwayo bardoxolone, iliyokusudiwa kuziamsha kinga za mwili dhidi ya uchokozi huu kwa wagonjwa wa kisukari na figo, lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu waliopewa dawa hiyo walizidi kupatwa na moyo kushindwa kazi.

Kinachosaidia ni kuzuia kutu inakoanzia: kushusha presha, kudhibiti kisukari, na dawa kama enalapril au losartan ambazo huizuia anjiotensini yenyewe. Nazo si za kujinunulia. Hupimwa damu kila mara, kwa kuwa zinaweza kupandisha potasiamu.

Tufanye nini

Tulipochimba zaidi, ilibainika kwamba ami alikuwa akimeza diklofenaki kwa maumivu ya magoti miaka minne mfululizo, akinunua dukani kama anunuavyo peremende. Dawa za aina hiyo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Juu yake kulikuwa na presha isiyotibiwa, na chumvi ya ng'onda karibu kila siku.

Basi mwenye presha, kisukari, au miaka zaidi ya hamsini, aombe vipimo viwili: kreatinini ya damu na protini ya mkojo. Ukipelekwa kwa daktari wa moyo, uliza, "Na figo zangu je?" Mkojo wenye povu lisiloisha, miguu kuvimba na uso kuvimba asubuhi si mambo ya kupuuzwa. Dalili ya mvua ni mawingu.

Jambo la mwisho ni bima. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF, na mtu asiye na mshahara naye hutakiwa kuchangia. Usingoje ulazwe ndipo ujiandikishe.

Ami sasa anahudhuria kliniki ya figo Kenyatta. Hajafikia kusafishwa damu kwa mashine, na daktari anasema tukishika masharti tunaweza kuichelewesha siku hiyo. Tukishuka kwenye matatu Barabara ya Ngong, tunaongozana na watu wenye bandeji mikononi, wengine vijana kuliko mimi. Wiki iliyopita ami aliwatazama akaniambia, "Laiti ningelipimwa mkojo zamani." Usiku ule alilala kwa mto mmoja.