Taswira ya Akilini katika Skii na Mafunzo Yake kwa Riadha ya Mpakani mwa Uganda na Kenya

Mwanaskii anayesubiri zamu yake juu ya mlima hufumba macho, huinamisha kiwiliwili kila anapofika kwenye kona ya njia aliyoikariri, kisha hufumbua macho “anapomaliza” mbio ambazo bado hajazianza. Zoezi hilo huitwa taswira ya akilini. Makala haya yanafafanua utendakazi wake na kuuliza lina manufaa gani Mulanda, wilayani Tororo, kusikoanguka theluji.

Katika miaka ya 1930, Edmund Jacobson alionyesha kwamba mtu anapowaza kukunja mkono, misuli ya mkono huo hutoa umeme hafifu. Katika miaka ya 1970, Richard Suinn alilitumia wazo hilo kwa wanaskii wa Marekani. Mapitio ya Feltz na Landers ya mwaka 1983 yaliweka mpaka unaosahaulika mara nyingi: taswira hushinda kukaa bure, lakini haifikii mazoezi ya mwili.

Sababu ni kwamba taswira hujengwa kwa kumbukumbu ya mwili. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alianza kujifunza skii nchini Finland mwaka 1996. Alikuwa na mapafu na miguu ya mwanariadha, ila hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kuteleza. Katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 alishika nafasi ya mwisho katika kilomita 10, takribani dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie, aliyemsubiri mwishoni ili kumpongeza. Filamu za mashindano zingeweza kumpa Boit picha. Uzito wa mwili juu ya ubao mmoja unaoteleza zisingeweza kumpa.

Kijana wa Mulanda anayekimbia ana akiba hiyo tayari, mradi awaze mbio zake mwenyewe. Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Peter Lang alieleza mwaka 1979 kwamba taswira hupata nguvu inapotaja mwitikio wa mwili pamoja na mandhari. Kiswahili kina maneno ya kutosha: moyo kwenda mbio, pumzi kukatika, miguu kuwa mizito. Hata hivyo, mtoto wa Kijopadhola huisikia miguu hiyo kwanza kwa Kidhopadhola, na uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa Julai 2022 wa kufanya Kiswahili kuwa somo la lazima hauondoi hali hiyo. Mwongozo uliotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa matumizi ya Tororo na Busia zote mbili utakuwa rahisi kuchapisha na mgumu kuhisiwa.

Njia nafuu ni mwalimu wa michezo kumwomba mkimbiaji asimulie alichokihisi mara tu baada ya mazoezi, kwa lugha anayoichagua, na kuyaandika maneno hayo yawe mwongozo wake. Gharama yake ni daftari na dakika chache. Wanaoandaa mitaala wanaweza kuanzia hapo kabla ya kununua vifaa.