Sakafu ya Bwawa la Samaki: Udongo, Plastiki au Saruji?

Katika kata ya Nanganga na vijiji vingi vya wilaya za Ruangwa na Nachingwea, fedha za kaya huingia kwa misimu: ufuta unapouzwa katikati ya mwaka, na korosho zinapouzwa kuelekea mwisho wake. Kaya inayoamua kuchimba bwawa la samaki huweka humo fedha ambazo, zikipotea, hazitarudi hadi msimu mwingine. Ndiyo maana tunamshauri mlaji afanye uamuzi mmoja mapema, kabla ya kumlipa fundi au kununua chochote dukani: sakafu ya bwawa itakuwa ya nini?

Wauzaji wa vifaa hujibu swali hili kwa haraka, kila mmoja akisifu bidhaa yake. Makala haya yanaeleza kazi ya sakafu ndani ya maji, faida na gharama za kila aina, jinsi ya kupima udongo bila kulipa senti, na mambo ya kukagua kabla ya kununua.

Sakafu inafanya kazi gani?

Samaki hula, na kile anachokula hurudi majini kama kinyesi na amonia. Amonia ni sumu kwa samaki, na ukali wake huongezeka maji yanapokuwa ya moto na yenye pH ya juu. Katika maji yaliyotulia, bakteria wanaoishi juu ya matope, mawe na mimea huigeuza amonia hiyo kuwa virutubisho visivyo na madhara makubwa. Virutubisho hivyo huotesha vijimea vidogo vinavyoyapa maji rangi ya kijani, na perege huvila.

Kwa hiyo sakafu ya udongo ni makazi ya wafanyakazi wasiolipwa. Sakafu tupu, iwe ya plastiki au saruji, ina wafanyakazi wachache zaidi. Kazi ambayo udongo ungeifanya humwangukia mfugaji mwenyewe, naye huilipia kwa maji mapya, chakula cha kununua na muda wa kusafisha.

Hata hivyo, makazi hayo yana upande wa pili. Chakula kinachobaki na kinyesi huzama na kujikusanya. Tabaka la matope meusi likiwa nene, oksijeni haifiki chini, na hewa yenye harufu ya yai viza huanza kutoka. Hewa hiyo nayo ni sumu. Sakafu tupu haifichi uchafu: unaonekana, na unaweza kutolewa.

Wafugao samaki wa mapambo katika matangi ya kioo, wakiwemo wa maji ya bahari, hukutana na swali hilohilo wanapochagua kati ya kutandika mchanga na kuacha kioo kitupu. Mchanga huwapa bakteria makazi lakini hushika uchafu. Kioo kitupu husafishika kwa urahisi lakini huhitaji chujio lenye nguvu. Kanuni ni moja, ila kwenye bwawa hasara ni kubwa zaidi.

Sakafu ya udongo

Hii ndiyo nafuu kuliko zote pale udongo unaposhika maji. Gharama kuu ni uchimbaji. Chakula cha asili hupunguza mahitaji ya chakula cha dukani, na maji hayabadiliki ghafla kwa joto wala kwa ubora.

Udhaifu wake ni mitatu. Kwanza, udongo wa kichanga huvujisha maji. Mfugaji apime hasara hiyo kwa ndoo: bwawa lenye uso wa mita za mraba 150 likishuka sentimita 1 tu, limepoteza lita 1,500, yaani ndoo 75 za lita 20. Sehemu ya upungufu huo ni mvuke wa jua, ambao hauzuiliki. Lakini bwawa linaloshuka sentimita kadhaa kila siku halitadumu kiangazi, kuanzia Juni hadi Novemba, mvua zinapokuwa zimekatika na visima kupungua.

Pili, dume la perege huchimba kiota sakafuni na kumwita jike. Bwawa lililochanganya madume na majike hujaa vifaranga, chakula hakitoshi, na mfugaji huvuna samaki wengi wenye ukubwa wa kidole. Dawa yake ni kununua vifaranga madume watupu kutoka kituo cha uzalishaji kinachotambulika, si kubadili sakafu.

Tatu, matope lazima yashughulikiwe. Baada ya kila mavuno, bwawa likaushwe hadi sakafu ipasuke nyufa, matope meusi yaondolewe na kupelekwa shambani, ambako ni mbolea nzuri, na chokaa ya kilimo inyunyizwe kabla ya kujaza upya.

Sakafu ya plastiki

Karatasi ngumu ya plastiki, ambayo wengi huiita nailoni ya bwawa, huzuia maji kupotea ardhini. Kwenye miinuko yenye udongo wa kichanga inaweza kuwa njia pekee ya kupata bwawa.

Lakini plastiki haileti maji; inayatunza tu. Asiye na chanzo cha uhakika cha kubadilishia maji asiichague, kwa sababu amonia hujikusanya haraka na samaki hufa kwa wingi katika usiku mmoja. Dalili ya hatari ni samaki kupanda juu alfajiri wakihema midomo wazi. Wakati huo oksijeni iko chini kabisa, kwa kuwa vijimea havitoi oksijeni gizani. Mfugaji akiona hivyo, asimamishe kulisha, atoe sehemu ya maji ya chini na kuingiza mapya.

Plastiki pia hutobolewa na mawe makali, mizizi, kwato za mifugo na jembe la msafishaji. Kabla ya kuitandika, shimo liondolewe mawe na visiki na kulainishwa kwa tabaka la mchanga au udongo uliochekechwa. Kingo zizikwe kwenye mtaro kuzunguka bwawa, na uzio ujengwe. Kuta za plastiki huteleza: mtoto akitumbukia hawezi kupanda mwenyewe. Kamba yenye mafundo au ngazi iwepo wakati wote.

Sakafu ya saruji

Saruji hudumu miaka mingi, husafishika, na humfaa hasa kambale anayefugwa kwa msongamano, kwa kuwa kambale huweza kuvuta hewa juu ya maji. Gharama yake ya kuanzia kwa kawaida ndiyo kubwa kuliko zote.

Kosa la kawaida ni haraka. Saruji mpya hutoa chokaa inayopandisha pH ya maji hadi kiwango kinachounguza matamvua ya samaki. Bwawa jipya lijazwe maji, liachwe kwa siku kadhaa, limwagwe, na kazi hiyo irudiwe kwa muda wa wiki 2 hadi 3. Vifaranga wasiwekwe kabla pH haijashuka kati ya 6.5 na 8.5. Kuta na sakafu zipigwe lipu laini, kwani kambale hana magamba na ngozi yake huchubuka kirahisi.

Njia ya kati

Mwenye udongo wa kichanga anaweza kutandika plastiki, kisha kufunika sakafu kwa tabaka la udongo la sentimita 15 hadi 30. Udongo huo huilinda plastiki dhidi ya jua na vitu vyenye ncha, na huwarudishia bakteria makazi yao. Usafishaji unahitaji uangalifu zaidi, na kuta ziwe na mteremko mdogo ili udongo usiporomoke. Mchanga mtupu wa mtoni hautoi faida hiyohiyo: hupitisha uchafu kati ya chembe zake na kuuficha, wala hauna rutuba ya udongo.

Pima udongo kabla ya kupima fedha

Wakazi wa Nachingwea wana historia inayofundisha jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mitambo ililetwa na mapori yakafyekwa kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Huko Kongwa, udongo wa mfinyanzi uligeuka mgumu kama tofali ulipokauka, ukawashinda wavunaji. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni.

Mlaji hahitaji maabara. Majaribio mawili yanatosha kuanzia:

1. Chukua udongo wa chini, si wa juu. Ulowanishe, ufinyange donge, ulirushe hewani na kulidaka. Likisambaratika, udongo una mchanga mwingi. Likibaki zima, endelea na jaribio la pili.
2. Chimba shimo lenye kina cha kufika kiunoni. Lijaze maji hadi juu asubuhi na mapema. Jioni maji yatakuwa yameshuka. Lijaze tena na ulifunike kwa matawi yenye majani. Asubuhi inayofuata, ikiwa maji mengi bado yamo, udongo huo unafaa kwa bwawa. Ikiwa yamekwisha, usichimbe bwawa la udongo hapo.

Jaribio lifanyike kiangazi, katika zaidi ya sehemu moja ya kiwanja. Mvua zikiwa zimeloanisha ardhi, hata udongo mbaya huonekana mzuri.

Hesabu ya plastiki isikudanganye

Walaji wengi hupima sakafu pekee, kisha hushangaa bei dukani au hununua kipande kisichotosha. Plastiki hufunika sakafu, kuta zote na kingo zinazozikwa. Chukulia bwawa lenye sakafu ya mita 12 kwa 8, kuta zenye urefu wa mita 2 zikipimwa juu ya mteremko, na kingo za mita 1 kila upande:

- Urefu: 12 + 2 + 2 + 1 + 1 = mita 18
- Upana: 8 + 2 + 2 + 1 + 1 = mita 14
- Eneo: 18 × 14 = mita za mraba 252

Sakafu peke yake ni mita za mraba 96. Anayekadiria bajeti kwa sakafu tu atahitaji zaidi ya mara mbili na nusu ya plastiki aliyoitarajia. Vipande viwili vilivyounganishwa kwa gundi ya kawaida haviaminiki. Muuzaji aeleze kwa maandishi jinsi maungio yalivyofanywa.

Kabla ya kulipa

- Hakikisha unene wa plastiki umeandikwa kwenye risiti kwa milimita. Neno “nzito” si kipimo.
- Uliza kama plastiki imetengenezwa kustahimili jua, na dhamana yake ni ya muda gani.
- Usinunue turubai lililotumika kuhifadhia au kuchanganyia dawa za mikorosho. Baadhi ya viuatilifu huua samaki hata kwa kiasi kidogo sana. Kwa sababu hiyohiyo, bomba la kupulizia lisioshwe kamwe karibu na bwawa.
- Saruji iwe na alama ya ubora ya TBS, na mfuko usiwe umelowa, kuchanika wala kuganda.
- Vifaranga wahesabiwe mbele yako. Kwa bwawa la udongo lisilo na mashine ya kuongeza hewa, vifaranga 2 hadi 3 wa perege kwa kila mita ya mraba wanatosha. Anayekushauri kuweka maradufu hatakuwepo alfajiri samaki watakapohema.
- Dai risiti ya kielektroniki na uitunze. Bila risiti, malalamiko ni vigumu kuthibitishwa.

Muuzaji aliyeeleza sifa ambazo bidhaa haina anaweza kushtakiwa mbele ya Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mashaka kuhusu uzito wa mfuko au urefu wa bidhaa hupelekwa Wakala wa Vipimo.

Sheria za maji na mto

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wanaoishi katika bonde la Lukuledi wazingatie hili kabla ya kuchimba. Anayetaka kuchepusha maji ya mto kwenda bwawani aulize kwanza kuhusu kibali katika Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Njia ya kutolea maji iwekwe wavu mwembamba: sato si mwenyeji wa mito yetu ya kusini, na akitoroka huzaliana na perege wa asili. Afisa uvuvi wa halmashauri hutoa ushauri, na inafaa aonyeshwe eneo kabla ya jembe la kwanza.

Uamuzi kwa ufupi

Jaribio la shimo likifaulu, chagua udongo. Fedha utakazookoa zinunulie vifaranga bora na chakula. Likishindwa, na maji yapo mwaka mzima, chagua plastiki, ikiwezekana ukiifunika kwa udongo. Ukilenga kambale wengi katika eneo dogo, na mtaji unaruhusu, jenga kwa saruji na uipe muda wa kutoa chokaa. Jaribio likishindwa na maji ya uhakika hayapo, ushauri wetu ni kuacha bwawa kwa sasa na kuelekeza fedha kwenye kuku, mizinga ya nyuki au miche bora ya mikorosho.