Mfarishi kama Matini: Kumbukumbu na Nafsi katika Kazi za Faith Ringgold

1. Utangulizi

Wataalamu wa lugha wamezoea kuyatafuta masimulizi katika sehemu mbili: kinywani mwa fanani na katika kurasa za kitabu. Hata hivyo, zipo kazi zisizokaa sawasawa katika mojawapo ya sehemu hizo. Makala haya yanachunguza kazi za Faith Ringgold (1930–2024), msanii Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Harlem, New York, ambaye aliyaandika masimulizi yake juu ya mifarishi. Hoja inayotolewa ni kwamba maandishi katika kazi hizo si maelezo ya picha, bali ni kiraka miongoni mwa viraka, na yakibanduliwa kitambaani hupoteza sehemu ya maana yake.

2. Chimbuko

Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu: juu vipande vya nguo vilivyounganishwa, katikati pamba, na chini kitambaa kizima. Mshono unaozipenya tabaka zote ndio unaozishika pamoja. Katika ukoo wa Ringgold, ustadi huu ulisimuliwa kuwa ulianza na mhenga wao Susie Shannon, aliyekuwa mtumwa na ambaye aliwashonea mabwana zake mifarishi. Ulirithishwa kizazi hata kizazi hadi kwa Willi Posey, mamake Ringgold, mbunifu wa mavazi huko Harlem.

Mnamo 1972, Ringgold aliona katika jumba la makumbusho la Amsterdam michoro ya Kitibeti iliyozungushiwa pindo za nguo. Tangu hapo akaacha fremu za mbao, akawa anachora juu ya turubai na kuitia pindo la kitambaa. Mwaka 1980 yeye na mamake walishirikiana kutengeneza mfarishi wao wa kwanza, *Echoes of Harlem*, wenye nyuso za watu wa mtaa huo. Mamake alifariki mwaka uliofuata.

Sababu ya pili ilikuwa kukataliwa. Ringgold alikuwa ameandika tawasifu yake, lakini hakupata mchapishaji. Ndipo akayahamishia maneno kitambaani. Maandishi yaliyotundikwa ukutani pamoja na kazi ya sanaa husomwa na kila apitaye, wala hayangoji idhini ya mhariri.

3. Viraka vya nafsi

Mfarishi wake wa kwanza wa masimulizi ni *Who's Afraid of Aunt Jemima?* (1983). Aunt Jemima alikuwa sura iliyochapishwa kwenye pakiti za unga wa chapati za maji: mtumishi mweusi mnene, mwenye kilemba, anayefurahia kuwahudumia Wazungu. Chapa hiyo iliachwa mwaka 2021. Ringgold alimgeuza mama huyo akawa Jemima Blakey, mwenye ukoo, mume, watoto na biashara iliyostawi. Isitoshe, alimsimulia kwa Kiingereza cha mazungumzo cha Wamarekani Weusi, si kwa Kiingereza cha vitabu. Kwa hiyo sauti ya msimulizi wa barazani imeshonwa ndani ya nguo.

Katika kazi ya 1986, ambayo jina lake linataja kupunguza zaidi ya ratili 100 za uzito, Ringgold alijigeukia mwenyewe. Hapa mfarishi unakuwa kolaji, yaani sanaa ya kukusanya vipande vya asili mbalimbali pahali pamoja. Picha zake za miongo tofauti zimechapwa juu ya nguo, na kando yake maandishi yanayoueleza mwili wake ulivyobadilika. Nafsi haionyeshwi kama kitu kimoja kilichokamilika. Huonyeshwa kama vipande vilivyounganishwa, na mshono hausitiriwi.

*Tar Beach* (1988) unamhusu Cassie, msichana wa miaka minane aliyelala juu ya paa la nyumba huko Harlem mwaka 1939. Anapaa hewani na kulimiliki daraja la George Washington, ambalo babake alishiriki kulijenga ilhali chama cha wafanyakazi kinamkataa kwa ajili ya rangi yake. Picha iko katikati, maandishi yako juu na chini, na viraka vya maua vinauzunguka ukingo wote. Kumbukumbu ya mtoto na dhuluma aliyotendewa mzazi vimo katika tandiko moja, lile ambalo mtoto hulalia.

4. Funzo kwa wasomi wa Kiswahili

Msomaji wa pwani atakumbuka leso mara moja. Nayo ina pindo, mji na jina, na jina hilo hapo kwanza liliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Tofauti ipo: leso hutoka kiwandani kwa maelfu, na anayeifanya kuwa ya nafsi yake ni mvaaji, kwa kuichagua, kuitunuku, au kuivaa mbele ya mlengwa. Lakini kosa la uchambuzi ni moja. Majina ya leso mara nyingi hukusanywa kama orodha ya methali, bila kutajwa rangi, mji, mtoaji wala siku ilipovaliwa. Orodha ya namna hiyo huhifadhi maneno na kuutupa usemi.

Tawasifu ya Ringgold ilichapwa hatimaye mwaka 1995, na *Tar Beach* ulikwisha kuwa kitabu cha watoto mwaka 1991. Nguo ilitangulia, kitabu kikafuata. Yafaa basi mtafiti anayeandikisha jina la leso aiandikishe pia leso yenyewe, pamoja na maneno ya mwenye kuivaa, angali hai wa kuyasema.